Dini si Bidhaa: Somo juu ya Masharti Matano ya Kitu Kiuzwacho

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad:

Imekuwa ada katika miji yetu watu kuinena dini kama wanenavyo nguo na vyombo. Mmoja husema, "Dini hii yanifaa." Wa pili husema, "Nimeijaribu, sikuona kitu." Wa tatu humwendea mwalimu wa chuo, na kabla hajamwuliza asomesha nini, humwuliza, "Mwanangu atahitimu kwa miezi mingapi? Maana jirani yako ahitimisha kwa sita." Ukipita Mbagala Rangi Tatu wakati wa alasiri utasikia kipaza sauti cha muuza dawa ya panya, na cha muuza mitumba, na cha mhubiri, vyote vitatu kwa lahani moja: njoo, jionee mwenyewe. Si ajabu basi mpita njia akadhani ya kuwa watatu hawa wafanya kazi moja.

Tena wako wataalamu walioyafanya maneno haya kuwa ilmu. Adam Smith, Mskoti aliyeandika juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, alisema ya kuwa mhubiri alaye kwa sadaka za watu huwa na bidii kuliko yule alaye mshahara wa uhakika. Na Peter Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alieleza ya kuwa mahali penye dini nyingi, dini iliyokuwa ikishurutishwa zamani sasa haina budi kujitafutia wateja. Maneno haya yana sehemu ya ukweli, na kuukataa ukweli kwa sababu ya msemaji wake si mwendo wa ilmu. Hapa kwetu ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imempa kila mtu uhuru wa kuamini atakalo, na katika mtaa mmoja utakuta misikiti na makanisa yakipakana kuta. Basi mashindano yapo. Lakini suala letu ni hili: je, kwa kuwa waitaji ni wengi na wasikilizaji wana khiyari, dini imekuwa bidhaa? Na akiiamini mtu hivyo, apata khasara gani?

*Lugha ya biashara katika Qur'ani*

Kwanza yatupasa tuseme kweli. Lugha ya biashara si ngeni katika Qur'ani. Katika Sura as-Saff, aya ya 10, waumini waitwa kwenye biashara yenye kuwaokoa na adhabu. Katika Sura Fatir, aya ya 29, imetajwa biashara isiyoangamia. Na katika Sura al-Baqara, aya ya 16, wametajwa walioununua upotevu kwa uongofu, na biashara yao isiwape faida. Watu wa Makka walikuwa wafanya biashara, wakasemezwa kwa lugha waijuayo.

Lakini itazame vizuri aya ya 111 ya Sura at-Tawba. Ni nani mnunuzi, na ni nani muuzaji? Mnunuzi ni Mwenyezi Mungu. Muuzaji ni mja. Kiuzwacho ni nafsi ya mja na mali yake. Na thamani yake ni Pepo. Wasemao leo ya kuwa dini ni bidhaa wameupindua mkataba huu: wamemfanya mja kuwa ndiye mnunuzi, akae kitini aletewe, achague na akatae. Maneno ni yale yale, walakini nafasi zimebadilika. Na katika mikataba, zikibadilika nafasi kila kitu kimebadilika. Kwani mnunuzi ndiye akaguaye, na kiuzwacho ndicho kikaguliwacho. Katika mkataba wa Sura at-Tawba, ewe ndugu yangu, mwenye kukaguliwa ni wewe.

*Masharti matano*

Sasa na tuipime dini kwa kipimo cha watu wa soko wenyewe. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameweka katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wanakijua, masharti matano ya mabii, yaani kitu kiuzwacho: kiwe tohara, kiwe na manfaa, muuzaji aweze kukikabidhi, kiwe milki yake au awe na idhini juu yake, na kijulikane na wote wawili. Likikosekana moja, mauzo ni batili.

Sharti la kwanza, tohara, halina mzozo hapa, twalipita.

La pili ni manfaa. Hapana shaka dini ina manfaa. Lakini katika soko, manfaa hupimwa kwa haja ya mnunuzi: mwenye njaa anunua unga, mwenye baridi anunua shuka, na haja yake ilikuwapo kabla hajafika dukani. Dini haiko hivyo, kwani yenyewe ndiyo imfundishayo mtu lipi la kuhitajiwa na lipi la kuachwa. Asemaye, "Nimesali miezi mitatu sikupata kazi, basi sala haina faida," ameileta haja yake ya zamani na kuifanya mizani. Ni kama mwanafunzi aliyepelekwa kwa mwalimu kufundishwa kupima, naye akataka kumpima mwalimu kwa mizani yake mbovu. Na Qur'ani imekwisha mtaja mtu huyu katika Sura al-Hajj, aya ya 11: amwabuduye Mungu ukingoni, ikimpata kheri hutulia, na ukimpata msukosuko hugeuka. Huyo ndiye mteja, na khasara yake imeelezwa hapo hapo kuwa ni ya dunia na ya akhera.

La tatu ni uwezo wa kukabidhi. Mafakihi wamekataza kuuza samaki aliye baharini na ndege aliye hewani, kwa kuwa muuzaji apokea thamani ilhali hana hakika ya kukitoa alichokiuza. Basi mtazame mwenye kuahidi afya, au mume, au safari ya Ulaya, kwa kiasi maalumu cha fedha. Auza samaki wa baharini. Mwaka 2011 maelfu ya watu wa dini zote, kutoka nchi yetu na nchi za jirani, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu aliyesema ameoteshwa na Mungu. Magari yalijipanga kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliokufa njiani kabla hawajafika. Baada ya muda safu zile zikatoweka. Na tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano wakiyakimbilia mafuta yaliyomiminwa chini ili wayakanyage wapate baraka. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao.

Hatuyataji haya kwa kuwacheka jirani zetu Wakristo, kwani na kwetu wako wauza hirizi kwa bei ya mwezi mzima wa chakula, na wako wasemao, "Kisomo hiki hakikosi." Ama asili ya mambo haya haikuharamishwa yote. An-Nawawi ametaja katika kitabu chake at-Tibyan ya kuwa baadhi ya wema waliotangulia, kama al-Hasan na Mujahid, hawakuona ubaya kuandikwa Qur'ani katika chombo, ikaoshwa, akanyweshwa mgonjwa; na an-Nakhai akalichukia jambo hilo. Hili ndilo kombe tulijualo. Lakini kombe ni dua, na dua ni kuomba. Na mwenye kuomba hana amri juu ya aombwaye. Asemaye "hakikosi" amekwisha toka katika dua, akaingia katika mauzo ya kisichokabidhika.

La nne ni milki. Dini ni ya nani? Hata Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliambiwa ya kuwa si yeye amwongoaye ampendaye, na kwamba juu yake ni kufikisha tu. Mjumbe hana milki juu ya barua aliyopewa: akiipunguza ili impendeze mpelekewa amefanya khiyana, na akiiongeza amefanya khiyana. Mhubiri aondoaye neno zito ili wasikilizaji wasipungue, auza mali isiyo yake bila idhini ya mwenyewe; na uuzaji wa namna hiyo, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, ni batili tangu mwanzo.

La tano ni ujuzi, wote wawili wakijue kitu kwa dhati yake, kadiri yake na sifa zake. Nayo dini, sehemu yake kubwa ni ghaibu, na ladha ya ibada haijulikani ila kwa kudumu nayo. Wala bei yake haikatwi mwanzoni. Asemaye "Nitatoa kiasi hiki na si zaidi" hajajua ametakwa nini; kwani hakutakwa sehemu ya mali, ametakwa nafsi yake.

Basi katika masharti matano, dini kama bidhaa imeanguka katika manne. Imedhihiri ya kuwa haiuziki. Wala si kwa sababu ni duni kuliko bidhaa, bali kwa kuwa si ya jinsi yake.

*Tanbihi: kuchunguza si kuchuuza*

Pengine atasema msemaji: "Je, wataka watu wafuate bila kuuliza?" Twamjibu: La. Qur'ani imewalaumu wale waliosema, twafuata tuliyowakuta nayo baba zetu. Na maulamaa wetu wa tauhidi wameandika sana juu ya wajibu wa mtu kuitazama dalili kwa kadiri ya akili yake. Lakini kutafuta haki ni jambo moja, na kutembea madukani ni jambo jingine. Mnunuzi huuliza, "Kipi chanifaa mimi?" Mtafuta haki huuliza, "Lipi ni kweli, lijapokuwa dhidi yangu?" Mnunuzi akiona nguo haimtoshi, huiacha nguo. Mtafuta haki akiona haki haimtoshi, huirekebisha nafsi yake. Kadhi hamchagui shahidi kwa sauti yake tamu, wala kwa kuwa ushahidi wake wampendeza. Huuliza tu kama asema kweli.

Na ugonjwa huu wa kuchuuza waweza kuingia ndani ya dini moja pia. Maulamaa wameupa jina tangu zamani: kufuatilia rukhsa, yaani mtu kuzunguka katika madhehebu akiokota jepesi la kila imamu. Mfano wake mashuhuri ni huu. Mtu atawadha akapaka maji nywele chache za kichwa, kwa kauli ya Shafi'i. Kisha amgusa mkewe, asema, "Kwa Abu Hanifa udhu haukutenguka." Akasali. Abu Hanifa aona udhu ule haukutimia, kwa kuwa kwake kichwa hupakwa robo. Na Shafi'i aona udhu umetenguka. Sala yake haikusihi kwa imamu yeyote kati ya hao wawili, ingawa katika kila jambo ametaja jina la mmojawapo. Kumfuata imamu mwingine kwa dharura, au kwa dalili, na kwa kutimiza masharti yake, ni jambo lililoruhusiwa. Linalokataliwa ni huyu aliye na simu mkononi, awaulizaye masheikh kumi juu ya talaka yake, na tisa wakamjibu "imepita," akamshika wa kumi aliyemwambia "haikupita." Huyo hakuuliza fatwa. Amenunua jibu, na mwanamke aliye nyumbani ndiye atakayelipa.

*Mas'ala: ujira wa mwalimu*

Kama dini haiuzwi, vipi mwalimu wa chuo apokea ada? Jawabu: katika madhehebu ya Shafi'i ni halali kupokea ujira kwa kufundisha Qur'ani. Imepokewa katika Bukhari ya kuwa masahaba walimsomea al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapewa kondoo, na Mtume (s.a.w.) akawakubalia. Lakini elewa kilipwacho. Mwalimu hulipwa kwa wakati wake na taabu yake, kukaa na watoto thelathini juani na mvuani, kuwasahihisha herufi moja mara mia. Haya ni yake, naye ayamiliki na aweza kuyakabidhi. Qur'ani yenyewe haina bei. Kwa hiyo mwalimu aliyelipwa hana haki ya kupunguza haki ya somo ili mzazi afurahi kwa khitma ya haraka; na mzazi aliyelipa hana haki ya kununua khitma. Alichokinunua ni saa za mwalimu. Kuhifadhi ni kazi ya mtoto, na taufiki ni ya Mola.

Ama yule Adam Smith, kauli yake juu ya bidii ya mhubiri ina onyo lake ndani yake, nalo alilinakili kwa sahibu yake David Hume: ya kwamba mhubiri atafutaye wateja hufanya bidii kwa kuchezea khofu na ujinga wa watu. Bidii hiyo twaiona. Lakini bidii peke yake si sifa. Hata mwizi ni hodari wa kuamka usiku.

*Lililotokea Mbagala*

Twamalizia kwa jambo la mji wetu, ili ijulikane ya kuwa maneno haya si ya vitabuni tu. Mwezi wa Oktoba 2012, hapa Mbagala, wavulana wawili walibishana, mmoja Muislamu na mwenziwe Mkristo. Kwa mujibu wa khabari zilizoenea, mmoja alisema ya kuwa mwenye kuikojolea Qur'ani atageuka mnyama au atapatwa na balaa papo hapo. Mwenziwe akataka kuona, akafanya. Khabari ikawafikia watu wazima. Umati ukaenda kituo cha polisi kutaka ukabidhiwe mtoto yule. Na kabla siku haijakwisha, makanisa kadhaa yalikuwa yamevunjwa na kuchomwa.

Tazama, ndugu yangu, mlolongo wa jambo hili. Mtoto wa kwanza alifahamishwa na nani ya kuwa dalili ya Qur'ani ni kumgeuza mtu mnyama? Huko ni kuisifu kama dawa ya panya: jaribu, uone. Na kitu kilichosifiwa kwa majaribio kitajaribiwa. Mtume (s.a.w.) aliwekewa matumbo ya ngamia mgongoni akiwa katika sijda mbele ya Kaaba, na waliofanya hivyo wakasimama hapo hapo wakicheka, hapana aliyegeuka nyoka. Makafiri wa Makka waliomba wateremshiwe mawe kutoka mbinguni kama haya ni haki, kama ilivyotajwa katika Sura al-Anfal, aya ya 32, na mawe hayakuteremka. Je, Qur'ani ilikuwa si kweli siku hiyo? Hasha. Ukweli wake haukuwekwa katika kitisho cha namna hiyo, na heshima yake ni wajibu juu yetu sisi tulioiamini. Mtoto aliyefundishwa hivi hatakuwa na haja ya kuweka dau na jirani yake.

Ama wale waliochoma makanisa, walidhani wainusuru dini; nayo Sura al-Hajj, aya ya 40, imetaja nyumba za watawa na makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa ni mahali ambapo Mwenyezi Mungu huzikinga kwa kuwazuia watu baadhi yao kwa wengine. Na amchomeaye jirani duka lake huwaonyesha watu ya kuwa na yeye ni mwenye duka, akhofiaye wateja. Mwenye haki hana khofu hiyo.

*Nasaha*

Kwa ufupi, tushike mambo manne.

Kwanza, mzazi asimpeleke mtoto chuoni kama apelekaye nguo kwa fundi, akauliza siku ya kuchukua tu. Na akae siku moja asikilize mwanawe afundishwa nini, na kwa adabu gani.

Pili, mwalimu na mhubiri wasiahidi wasichokimiliki. Waseme "tutaomba," wala wasiseme "utapata."

Tatu, mwenye kuuliza amwulize mtu mmoja mwenye ilmu na ucha Mungu, kisha asitafute wa pili kwa ajili ya kuwa wa kwanza amemwambia asilolipenda.

Nne, tusiisifu dini kwa namna ya mchuuzi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la chakula, vidole vikapata umaji ndani yake. Akamkataza mwenyewe kuficha kilicholowa chini ya kikavu, akasema ya kuwa mwenye kughushi si wake. Ikiwa hivi ndivyo ilivyokatazwa kughushi nafaka, ambayo huliwa ikaisha, itakuwaje kughushi jambo ambalo mtu huingia nalo kaburini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikubali nafsi zetu kwa thamani aliyoiahidi, ijapokuwa zina aibu nyingi. Azisitiri aibu hizo, wala asizirejeshe kwetu. Na awalinde watoto wa mji huu, wa Kiislamu na wasiokuwa Waislamu, na shari ya ujinga wa wakubwa wao. Amin.

Wabillahi taufiki.